Dekio la Naisimoi

Naisimoi hakuzaliwa kwenye nyumba ya sakafu. Boma la baba yake, mzee Moringe, lilikuwa nyikani upande wa Sindeni, na nyumba za pale zilisiribwa kwa mavi ya ng'ombe. Maji yalifuatwa lamboni, mwendo wa asubuhi nzima, na hakuna aliyewahi kuyamwaga chini kwa kusudi.

Mwaka 1989 aliolewa Korogwe na Yordani, fundi baiskeli, mjukuu wa manamba waliokuja zamani kukata mkonge. Mzee Moringe hakumtaka mkwe asiye na hata mbuzi. Siku Naisimoi alipoaga, mzee alisema neno moja tu: "Nenda." Ikapita miaka mitano bila binti yule kukanyaga kwao.

Nyumba ya Yordani ilikuwa na sakafu ya saruji, nayo haikukaa safi hata nusu siku. Alitengeneza baiskeli barazani, na wateja walizoea kuingia hadi sebuleni kuomba maji ya kunywa, miguu ikiwa na grisi, na wakati wa masika udongo mwekundu ukiwa umeganda hadi kwenye vifundo. Naisimoi alipiga deki kwa magoti, kwa kipande cha gunia, mpaka magoti yakaota sugu.

Wakati ule maduka ya Korogwe yalikuwa yameanza kujaa. Watu wale wale waliokuwa wakipanga foleni ya sabuni, sasa walikuwa wakichagua rangi ya ndoo. Yordani akaleta dekio la sponji lenye mpini wa plastiki wa bluu. Likavunjika wiki ya tatu. Akaleta jingine, hilo sponji yake ilimumunyuka kwenye saruji kama mkate uliolowa.

"La tatu nitalichagua mwenyewe," Naisimoi alisema.

Alikwenda kwa Efrazia, mama wa Kisambaa mwenye duka karibu na soko, ambaye hakuwa na tabia ya kumsifia mteja bidhaa mbovu.

"Dada Efrazia, nataka dekio litakalozeeka nami."

Efrazia akacheka, akatoa matatu. "Rangi usiiangalie, mdogo wangu. Angalia shingo, pale mpini unapokutana na kichwa. Hapo ndipo yote yanapofia. Hili limeshikwa kwa gundi, hili lina msumari mmoja. Hili la nyuzi za pamba limebanwa kwa chuma. Vuta nyuzi uone."

Naisimoi akavuta. Hazikutoka. Kisha akaushika mpini wa mti, akaupinda kidogo gotini, akaupitishia kidole toka juu hadi chini akitafuta jicho la tawi, akaunusa. Mkono ukasimama. Hivyo ndivyo baba yake alivyokuwa akichagua fimbo, na yeye, mtoto wa kike, akimtazama toka mlangoni. Hakuwahi kufundishwa, kumbe alijifunza.

"Vipi, lina harufu mbaya?" Efrazia aliuliza.

"Hapana. Nimekumbuka nyumbani."

Efrazia akamkabidhi dekio. "Ukimaliza kudeki lisuuze, ulikamue, ulitundike kichwa juu. Ukiliacha ndani ya ndoo litaoza."

Dekio lile lilifaa. Lilikuwa zito, likanywa maji mengi, likaondoa hata grisi ya juzi. Naisimoi alideki akiwa amesimama wima. Lakini kila alipolikamua na maji meusi kutiririka, aliona lambo la kwao, na mama yake ameinama na dumu.

Siku moja ya mnada wa ng'ombe, binamu yake Parsaoti alisimama mlangoni. Nyuma yake alikuwa mwanamke mwembamba, jicho moja limefungwa kitambaa.

"Yeyo!" Naisimoi aliita, kama alivyomwita mama yake tangu utotoni. Dekio likamponyoka.

Mama huyo, Nasinkoi, alikuwa ameletwa kutibiwa jicho hospitali. Alitaka kuingia, akaona sakafu inang'aa kwa maji, akarudisha mguu.

"Nani amemwaga maji?"

"Nimemwaga mimi, Yeyo. Nasafisha."

"Yote haya?"

"Ndoo mbili."

Mama akaitazama sakafu toka ukuta hadi ukuta. Halafu akasema taratibu, "Basi huku huna shida, mwanangu." Haikuwa lawama, na ndiyo maana ilimuuma Naisimoi zaidi. Alimshika mkono akamwingiza, vumbi la njiani likiacha alama kwenye unyevu, akamketisha kitini.

Nasinkoi alikaa siku nne. Kila asubuhi binti alipodeki, mama alichukua ndoo ya maji machafu akayamwagia migomba nyuma ya nyumba, kidogo kidogo, asipoteze tone. Siku ya nne jicho lilikuwa limeanza kupoa.

"Kaa nami, Yeyo. Hata mpaka mavuno."

"Ndama wangu nani atawaangalia?" Kisha, akikunja shuka yake: "Baba yako husimama njiani jioni. Ukimuuliza, anasema anaangalia mvua."

"Mvua gani, wakati huu wa kiangazi?"

"Ndiyo nami nikuulize."

Wiki mbili baadaye Naisimoi alimwachia Yordani ufunguo, akapanda basi la Handeni, akashuka Sindeni, akatembea hadi jua lilipoinama. Mzee Moringe alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pa boma, amezeeka kuliko binti yake alivyotarajia. Naisimoi akasogea, akainamisha kichwa kama mtoto anayesalimia, akingoja kuguswa utosini. Mkono wa baba haukuja. Alisikia nzi, akasikia kengele za mbuzi, shingo ikaanza kumuuma, wala hakuinuka. Mwishowe kiganja kigumu kikatua utosini pake na kubaki pale.

"Umekuja kwa miguu yako mwenyewe?"

"Ndiyo, baba."

"Waambie wakupe maziwa."

Kuhusu Yordani hakuuliza. Naisimoi alilala siku tatu, akachota maji lamboni na mama yake, akaona mabega yake yamesahau uzito ule. Alipoondoka, mzee alimsindikiza hadi njia panda ya Sindeni, linakopita basi, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu.

"Yule fundi wako," alisema akitazama upande mwingine, "anajua kuchunga?"

"Hajui, baba."

"Mlete. Atajifunza."

Basi lilipofika mzee alikuwa ameshageuka, anarudi zake polepole, na Naisimoi alimtazama kupitia dirisha la nyuma mpaka vumbi likamficha.