Anayejaza Ndiye Anayelala Kwanza

Harufu ya mabua makavu ya ngano hunisimamisha njiani hadi leo. Si harufu mbaya. Ina utamu wa mkate na vumbi la jua, na watu wengi wa Njoro wakiinusa hukumbuka mavuno. Mimi hukumbuka mruko wa juu. Katika miaka ya hamsini shule yetu ilikuwa vyumba vya udongo pembeni mwa shamba la mzungu, ambako baba yangu aliendesha mkokoteni wa ng'ombe. Hatukuwa na mchanga wa kuangukia, kwa hiyo baada ya mavuno wazazi walituletea mabua, tukayarundika nyuma ya ufito, nasi tukaruka pekupeku, sketi zimebanwa kiunoni.

Waliosema ajali haina kinga hawakumjua Mwalimu Koros. Kabla ya mazoezi alitupanga mstari mmoja, tukautembea uwanja mzima tumeinama, tukiokota miiba na vigae vya chupa, na palipokuwa na shimo la fuko alilishindilia kwa kisigino. Kisha ilikuja zamu ya mabua. Kanuni yake haikubadilika: anayejaza ndiye anayelala kwanza. Kama wewe ndiye uliyeyamwaga, ulijitupa humo mbele ya macho yetu, ukagaagaa toka mwanzo hadi mwisho, ndipo mtoto akaruhusiwa kuruka. Wazazi walitoka humo wakicheka, nywele zimejaa mabua. Hata baba, mtu asiyependa mzaha, alilala.

Siku ya mashindano mambo yalienda kombo. Wageni walikuja kuchagua watoto wa kwenda kushindana Nakuru mjini, na mimi, Nafula, ndiye niliyetarajiwa katika mruko. Niliitaka Nakuru kuliko chakula. Asubuhi baba alimwaga mabua mapya ili rundo lipendeze, kisha akakimbia nyumbani kuvaa koti lake la kanisani. Aliporudi, kila mtu alikuwa katika nguo za Jumapili. Mwalimu mwenyewe alivaa suruali nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama. Nani angegaagaa? Mwalimu aliyatazama mabua, akaitazama suruali yake, akapuliza filimbi.

Nilikuwa nimeanza kukimbia niliposikia sauti ya baba kando ya mkokoteni. "Mama Nafula, uma iko wapi? Ile ya mzungu, ya kushushia mabua?" Sikuelewa maana yake. Mama alielewa. Alikatiza uwanja na gauni lake la pekee la kanisani, kitambaa kikamwanguka kichwani, akasimama mbele ya ufito mikono ameipanua. Nilimgonga kifuani, tukaanguka sote. Watoto wa shule nyingine walicheka. Kwa muda ule nilimchukia mama, maana niliiona Nakuru ikiniponyoka mbele ya watu.

"Mama, unaharibu shughuli," mwalimu alisema. "Wageni wanangoja."

"Wangoje," mama akajibu. "Hayo mabua nani amelala?"

Mama alipiga magoti, akaingiza mkono taratibu, akipapasa kama anayetafuta mayai chini ya kuku mkali. Nilisikia mabua yakivunjika, na pumzi zangu mwenyewe. Halafu mkono ukasita. Aliyafunua mabua, na hapo tukauona uma, meno yake marefu ya chuma yametazama juu, pale pale mgongo wangu ulipozoea kutua. Baba alikaa chini kwenye nyasi akaufunika uso wake.

Mwalimu alivua viatu. Alijilaza kwenye mabua na suruali yake nyeupe, akagaagaa toka mwanzo hadi mwisho, na baba akamfuata na koti lake. Niliruka baadaye nikiyatazama mabua badala ya ufito, nikauangusha kila mara. Sikwenda Nakuru. Jioni nilimkuta mama akisugua gauni kwenye karai, tope la magotini limegoma kutoka, nikaanza kulia kwa ajili ya Nakuru na kwa ajili yake. "Nguo inafuliwa," alisema, akaendelea kusugua.

Juzi nilialikwa kwenye michezo ya shule ya mjukuu wangu, huko huko Nakuru mjini. Watoto wana viatu, uwanja umesawazishwa, sanduku la dawa liko mezani, na nyuma ya ufito kuna godoro nene la buluu. Nilifurahi sana, lakini sikuwa nimemwona mtu yeyote akililalia lile godoro. Husemwa majuto ni mjukuu; mimi mjukuu wangu nampenda, ila majuto siyataki. Msichana wa kwanza aliposimama tayari kukimbia, niliweka mkoba chini, nikamwomba kocha asubiri kidogo. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kanisani.

"Shosho, hiyo ni godoro tu, haina noma," kocha, kijana mdogo, alicheka. "Utachafua nguo bure."

"Nguo inafuliwa," nikamwambia, nikalala.