Kuitikia Asichosikia

Kwa miaka kumi na saba mama mmoja alisimama kando ya mashine ya kugonga vifuniko vya ndoo. Kiwanda kilipofungwa, kilimwachia barua ya shukrani na masikio yaliyokufa nusu. Barua aliwaonyesha watu, masikio aliyaficha.

Akiwa na miaka arobaini na mbili akajiunga na chuo cha ufundi, ajifunze kukereza chuma, kukichonga kikizunguka kwenye mashine. Wanafunzi wenzake, rika la bintiye, walimwita Shangazi. Mwalimu akieleza, yeye aliikodolea macho midomo yake, na siku moja aliulizwa jina lake akajibu, "Ndiyo." Darasa likaangua kicheko, naye akacheka nao. Heri kuchekwa kuliko kufukuzwa. Jioni alinakili madaftari ya wenzake neno kwa neno.

Lakini mashine haina daftari. Mambo yakienda kombo chuma hulia, na fundi husikia akazima. Shangazi akazoea kuegemeza paja kwenye mashine, akisikiliza kwa mfupa.

Siku ya mtihani hakukaza chuma sawasawa. Msimamizi, aliyekuwa nyuma yake, akampigia kelele azime. Akarudia. Chuma kikachomoka, kikampita jirani yake usoni kwa upana wa kiganja, kikavunja dirisha. Shangazi alijua alipoona vioo sakafuni.

Mwalimu alimwita ofisini, akaandika kwenye karatasi: Tangu lini?

"Tangu kiwandani," akajibu, kwa sauti iliyofika uwanjani. "Usiniripoti, Mwalimu. Nikitoka hapa sina mlango mwingine wa kubisha."

Mwalimu aliripoti. Kijana wa watu alikuwa nusura afe. Ila chini ya ripoti aliomba Shangazi ahamishiwe kazi ya mkono, ya tupa na jiliwa la kubania chuma, isiyohitaji masikio, pamoja na wanaoanza.

Ombi likakubaliwa, lakini Shangazi aliona ni kejeli. Siku tatu alilala ameelekea ukutani. Ya nne bintiye alimshika mkono, akamfikisha hadi kwenye geti la chuo.

Akapewa kipande cha chuma akisugue kwa tupa mpaka pembe zote zinyooke. Viganja vilitoka malengelenge. Kipande kilikataliwa mara nne. Mara ya tano mwalimu alikipima, akakiinua kwenye mwanga, akamwonyesha kwa kidole pembe moja tu iliyobaki kunyooshwa.

Shangazi akakibana tena kwenye jiliwa, akaokota tupa.