Kilo Nne za Mtoto wa Kariandusi

Siku yangu ya kwanza kama mtaalamu wa nusukaputi, yaani dawa ya kumlaza mgonjwa asisikie kisu, nilifika thieta, chumba cha upasuaji, huku Nakuru nikiwa nimepiga viatu rangi hadi vinang'aa. Hakuna aliyeviona. Thieta watu huvua viatu mlangoni na kuvaa gamboti nyeupe, na zilizobaki zilikuwa za mguu wa kushoto zote mbili.

Mgonjwa alikuwa mtoto wa siku tano kutoka Kariandusi. Alizaliwa na tundu kwenye fuvu, kisogoni, na utando wa ubongo ulikuwa umetokeza hapo kama kifuko cha ukubwa wa limau. Kikipasuka, viini vya maradhi vingeingia hadi kwenye ubongo, na tungempoteza. Kwa hivyo Daktari Mkuu wa upasuaji alitaka kukifunga asubuhi hiyo hiyo.

Kazi yangu ilianza na mizani. Dozi ya mtoto mchanga huhesabiwa kwa uzito wake, na ukizidisha kidogo tu anaweza kuacha kupumua. Nyanya yake alikuwa amemkumbatia kama anayelinda shamba. Nikamwomba kwa heshima amvue.

"Kijana, hii baridi unaiona?" akauliza. "Na wewe mwenyewe umevaa sweta ndani."

Ni kweli nilikuwa nimevaa. Halafu mama yangu kule Rongai alinilea nisibishane na shosho yeyote. Nikampima alivyo: kilo nne. Nikavuta dawa kwenye sindano, nikaandika, nikajiona daktari.

Sista Mkuu wa thieta, mama mfupi aliyeogopwa hata na madaktari, alisoma karatasi yangu, kisha akamtazama mtoto.

"Hizi kilo nne ni za nani?"

"Za mtoto, Sista."

"Mvue nione."

Shali mbili, blanketi, sweta, kofia tatu za kuficha uvimbe na, chini kabisa, chupa ya soda iliyojaa maji moto, imevishwa soksi. Mizani ikasema kilo tatu kasorobo.

Daktari Mkuu alikuwa ameshanawa mikono. Akanitazama juu ya barakoa. "Ulikuwa unalaza mtoto ama unalaza soda?"

Wote wakacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilijua sindano ile ingefanya nini. Sista akaichukua, akaimwaga. "Anza tena," akasema. "Pole pole."

Tulimlaza ubavu asilalie kifuko, kichwa kwenye pete niliyoisokota kwa bendeji, nikamtia mrija wa kupumulia. Kwa saa mbili nilibana mfuko wa hewa kwa vidole viwili. Upasuaji ulipokwisha nikafunga dawa ya kuvuta, tukangoja aamke. Watu hudhani kazi yetu ni kulaza, kumbe kulaza ni rahisi. Daktari Mkuu hakutania tena. Kisha mguu mmoja ukasogea, nikatoa mrija, na mtoto akalia kwa hasira ya mtu aliyeibiwa soda yake. Nami nikalia. Sista akaniambia nikalilie nje, sakafu imepigwa deki.

Baadaye nilihamishiwa Naivasha, kisha Molo, chini ya wakubwa wapole na wengine wa kufoka, na kila mahali niliwavua watoto mwenyewe huku manyanya wakinilaani. Sasa nimestaafu, nakaa Lanet. Vijana wa kazi hii wakija kunisalimia huniomba vichekesho, nami huwapa, ninavyo tele. Wengi wa watoto wangu walilia. Wachache hawakulia, ingawa nilipima sawa na nikahesabu sawa. Hao siwasimulii kwenye chai. Lakini majina yao nayajua yote.