Mkalimani wa Likoni na neno "forthwith"

Saa tano kasoro asubuhi, na mzee Nzai Tinga bado amesimama kizimbani ingawa ameshaachiliwa huru.

Hakimu amemaliza kusoma hukumu. Mlinzi huyu wa Magogoni, Kisauni, hakula njama na wezi waliovunja duka alilokuwa akililinda. Likafuata neno la mwisho, la Kiingereza cha zamani kisichosemwa tena mitaani: aachiliwe "forthwith". Mkalimani wa mahakama, Bi Mwanatatu Mwidani, akaligeuza kwa Kiswahili: "Uachiliwe mara moja."

Mzee anamkodolea macho. "Mara moja?" anauliza. "Na hiyo mara ya pili narudishwa lini?"

Watu wanaangua kicheko. Mwanatatu hacheki. Anamgeukia hakimu na kuinamisha kichwa.

"Mheshimiwa, naomba ruhusa nimweleze tena."

"Mweleze, Bi Mwanatatu. Hatuna haraka."

Sasa anamsemesha kwa Kigiriama, taratibu, kama mtu anayezungumza na babake. Anamwambia hatarudi rumande. Anamwambia atoke papo hapo aliposimama, na hakuna atakayemshika mkono. Askari anafungua kijilango cha mbao. Mzee anatanguliza mguu mmoja, anatazama huku na huku, kisha anatoka. Mkewe, Kaviha, anapiga vigelegele hadi anaombwa kwa upole akavimalizie nje.

"Neno lile nalichukua kama mtu aliyebeba yai," Mwanatatu anasema baadaye, kwenye kibanda cha chai nyuma ya mahakama. "Likinianguka, anayeumia si mimi."

Ana miaka hamsini na miwili, mzaliwa wa Mtongwe, Likoni. Kidigo alikinyonya kwa mamake, Kigiriama na Kiduruma akavipata kwa majirani, na Kiingereza akakisaka mwenyewe kwa sababu moja.

Babake, Mwidani, alikuwa utingo wa lori. Mwanatatu akiwa darasa la saba, mzee huyo alikamatwa katika mji mmoja wa bara, akashtakiwa wizi wa shehena. Hukumu ilisomwa siku ya Ijumaa, kwa Kiingereza kitupu. Ilimwachilia huru, "forthwith", lakini siku hiyo mkalimani hakuwapo. Mwidani aliinamisha kichwa kwa heshima, akawafuata wenzake kwenye gari la rumande.

Usiku ule mamake Mwidani akafariki Likoni. Akazikwa Jumamosi adhuhuri, maana maiti haikawizwi. Jumatatu ndipo askari wa gereza alipoitazama hati, akashtuka na kumfungulia. Alifika nyumbani akakuta kaburi bichi.

"Baba hakulia," anakumbuka. "Alikaa ukumbini akasema, 'Kumbe nilikuwa mtu huru, na sikujua.' Maneno hayo yalinikaa kifuani. Nikasema, wallahi, mimi nitakuwa pale mtu akiambiwa."

Alianza kazi kama mpiga chapa, akafanya mtihani wa ukalimani akaanguka, akaurudia akapita. Tangu hapo amesimama kati ya hakimu na mshtakiwa, mwaka baada ya mwaka.

Asili ya neno lenyewe alifunuliwa na wakili Nadira, rafiki yake wa meza ya chai. Siku moja Nadira alikuja na kamusi nzito, wakaisoma pamoja maandazi yakipoa. Hapo kale, karne nyingi nyuma, lilikuwa maneno mawili: moja la kutoka, jingine la kuwa pamoja. Maana yake ilikuwa "sambamba na". Yaliposhikana, maana ikasogea: jambo lifanyike sambamba na agizo, pasipo mwanya kati yake.

"Nikamwambia, basi kwetu hilo ni papo hapo," asema Mwanatatu. "'Mara moja' ina nyuso mbili, na leo imeniponyoka kwa mazoea. 'Papo hapo' inamwonyesha mtu mpaka mahali anapokanyaga."

"Nami nikamwambia mawakili tumelinyoosha tena," adakia Nadira, ambaye leo pia yuko mezani, akicheka. "Siku hizi pengine linamaanisha bila kuchelewa pasipo sababu."

Tofauti hiyo ilipata kazi mwaka uliopita, familia kadhaa za Magongo zilipoamriwa kuhama "forthwith". Mwanatatu alilitafsiri bila kulipunguza makali, ingawa mmoja wa wanawake waliokuwa mbele yake, Caroline, alikuwa na kichanga mgongoni. Ndipo Nadira, aliyewatetea, alipoinuka na kuuliza neno lile lina upana gani. Hakimu alifikiri, kisha akasema kuwa halimtaki mtu afanye lisilowezekana. Akawapa muda hadi shule zifungwe. Mwanatatu akalitafsiri na hilo pia, kwa sauti ileile.

"Nje Caroline aliniuliza kama namwonea huruma," asema. "Nikamjibu, huruma ninayo, lakini siwezi kuitia ndani ya maneno ya hakimu. Siku nikiyatia asali, kesho hakuna atakayeniamini nikimwambia yuko huru."

Sasa ana mpango. Yeye na wakalimani wenzake hukutana Changamwe kila Jumamosi, wakiyapima maneno mazito ya mahakama kwa Kidigo, Kigiriama na Kiduruma. Huvutana hadi wauza chai huwageukia. Anataka kabla hajastaafu pawe na darasa la kudumu, ili mkalimani mgeni asikutane na neno kwa mara ya kwanza mbele ya mtu anayetetemeka.

"Inshallah litafunguliwa. Chumba tumeshaahidiwa, na wa kufundisha ni sisi wenyewe. Ninachokitaka..."

Karani anatokeza mlangoni. "Bi Mwanatatu! Kuna mama wa Kiduruma yuko kizimbani."

"Abee!" anaitika, na kikombe chake kinabaki mezani kikifuka moshi.