Ndege ya Deo na Kaka Yangu Masanja

Mpaka leo nikipita mbele ya kibanda cha fundi redio nikasikia harufu ya lehemu inayoyeyuka, hujikuta nimesimama. Wenzangu hukumbuka utoto wao kwa harufu ya mvua ya kwanza au ya viazi vya kuchoma. Mimi hukumbuka kwa moshi ule mchungu, na siku zote huja umefuatana na wivu.

Tulikaa Shinyanga mjini, jirani na kinu cha kuchambulia pamba, miaka ile ambayo hata sabuni ilikuwa ya foleni. Baba alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Aliyeshika nafasi yake ni kaka yangu Masanja, ambaye baadaye aliacha shule akaingia kinuni kujifunza ufundi umeme. Jioni alirudi nyuzi za pamba zimemjaa kichwani kama mzee wa mvi, akala, kisha akakaa barazani kutengeneza redio za majirani. Mimi ndiye niliyemshikia tochi. Ile ilikuwa kazi yangu, na sikutaka mtu mwingine aiguse.

Ndipo akaja Deo. Baba yake alikuwa daktari wa mifugo aliyetoka masomoni Ulaya, na walipanga nyumba ya pili kutoka kwetu. Deo alikuwa na umri kama wangu, miaka tisa, soksi zake hazikutoboka, na alikuwa na ndege.

Sisemi ndege ya mabua ya mtama kama zetu. Hii ilikuwa na mabawa ya mti mwepesi na mota ndogo ya umeme puani. Mrushaji alisimama katikati ya uwanja ameshika mpini wenye nyaya mbili ndefu, nyembamba, zilizokwenda mpaka kwenye ndege. Ukiinamisha mpini huku au kule, kibao cha mkiani kinacheza, nayo inapanda au inashuka huku ikikuzunguka. Kwenye boksi lake walichora ndege kama hiyo ikipiga pindu, tumbo juu. Ya Deo haikuweza pindu lolote. Ilizunguka chinichini, nzito, kama mama mjamzito anayetoka kisimani na ndoo.

Deo akaileta kwetu. "Shikamoo kaka. Wanasema wewe unajua umeme."

Masanja aliigeuza geuza mikononi, na tangu jioni ile redio za watu zikalala. Mama alisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mimi niliona mgeni amekuja, na mwenyeji ndiyo kwanza anaugua. Tochi sasa alishika Deo. Niliketi kwenye kinu cha kutwangia kilicholazwa ubavu, nikisikiliza vicheko vyao, nikimwombea Deo ugonjwa mdogo, usiouma sana, lakini wa kumlaza ndani.

Kaka alisema ndege inabeba mizigo ya bure. Alitoa magurudumu. Akakwangua rangi kwa msasa mpaka mti ukaonekana. Kibao cha mkiani akakiongezea upana ili ndege itii upesi. Halafu akatoa betri zilizokaa puani, nyuma ya mota, akazifunga kwenye mkanda ili mrushaji azivae kiunoni, na umeme akaupitisha kwenye waya mwembamba wa shaba alioutoa kwenye mota iliyoungua, akauambatanisha na zile nyaya mbili.

Kwa kuwa magurudumu hayakuwepo tena, alitakiwa mtu wa kuishika ndege na kuiachia. Wakanikumbuka.

"Kabula, njoo utusaidie," kaka aliita.

Nilikwenda nimevuta mdomo. Tulikuwa uwanjani nyuma ya kinu cha pamba, nyasi zimekauka. Nilipoishika niliona jambo: ilikuwa inaangukia nyuma, mkia unataka kwenda chini. Sikusema neno. Masanja akashika mpini, nikaachia. Ndege iliinua pua kama farasi aliyeona nyoka, ikasimama hewani, kisha ikaporomoka kwa mkia. Bawa likavunjika.

Deo akalia. Moyo wangu ukapata utamu, siwafichi. Lakini nilipomtazama kaka, utamu ule ukakatika. Alikuwa ameketi chini kwenye vumbi, ameukunja uso, anang'oa nyasi na kuzitupa. Sikuwahi kumwona kaka Masanja amenuna. Wa kununa nyumbani nilikuwa mimi.

"Mkia ni mzito," nikasema. "Tangu mtoe betri inalalia nyuma."

Aliinua kichwa. "Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza."

Akaiokota, akaiegemeza kwenye ncha za vidole viwili chini ya mabawa, na kweli ikaanguka kinyumenyume. Waliunga bawa kwa gundi, wakatia kipande cha madini ya risasi puani, wakajaribu na kupunguza, mpaka ikatulia juu ya vidole kama ndege aliyetua. Jumapili baada ya misa tukarudi uwanjani. Nikaachia. Ilipanda wima, ikajipindua tumbo juu, ikashuka na kukamilisha duara karibu na nyasi, kisha ikapanda tena. Kaka alizunguka nayo akicheka kwa sauti nyembamba ambayo sikuijua, na Deo akiruka kando yake. Hakuna hata mmoja aliyenitazama.

Nilikwenda nyumbani nikamlilia Mama, nikamwambia kaka hanipendi tena. Mama alikuwa anachagua mchele. "Mwache, ng'wanone, mwanangu," alisema. "Mwache acheze kidogo." Nilidhani anamsema Deo, nikalia zaidi.

Baba yake Deo alihamishwa, na ndege ikaondoka nao. Masanja akarudi kwenye redio zake, nami kwenye tochi yangu, nikiwa na furaha ya mshindi.

Miaka mingi ikapita. Nikapata mwanangu wa kwanza, akafikisha miaka kumi na saba, mvulana mrefu asiyeamka mpaka uite mara tatu, anayelia njaa mbele ya jungu lililojaa. Asubuhi moja nilisimama mlangoni kumwamsha, nikashtuka: huu ndio umri aliokuwa nao kaka yangu wakati ule. Mtu niliyemwona mzee. Mimi nilikuwa na baba pale barazani. Yeye hakuwa na mtu wa kucheza naye.

Nilimpigia simu Geita anakoishi sasa, nikamuuliza kama anaikumbuka ile ndege.

"Yule Deo hakuwa mchoyo," alisema. "Alikuwa ananipa zamu."