Kamba Wenye Nundu

Zamani Warfa alikuwa na ngamia, sasa ana konokono. Hivyo ndivyo watu wa Garissa walivyomtambulisha, na hakuna aliyeona ni tusi. Ilikuwa habari tu, kama kusema leo kuna jua.

Ukame ndio uliowafagia ngamia wake kule Balambala. Aliwainua kwa mikono yake kila walipoanguka, huyu kwa mkia, yule kwa shingo, na kila aliyesimamishwa alianguka tena upande wa pili, kana kwamba amechoka na ubishi. Warfa akaingia mjini na vitu viwili: kengele ya mti iliyokuwa ikivaliwa na jike la mbele lililoongoza kundi, na kiburi. Vingine fisi walishughulikia.

Hajji Abdihafid, mwenye hoteli, alikuwa ameona tangi la kioo lenye matumbawe huko Dubai, akarudi na uchu kama wa mjamzito. Akataka bahari yake ndogo sebuleni, katika mji ambao maji ya bomba ni uvumi. Samaki wa kwanza walitolewa Mombasa wakiwa hai, wakafika wameiva. Walionusurika ni konokono, ambao kazi yao ni kulamba ukungu wa kijani kwenye kioo. Warfa akaajiriwa kuwachunga. Akatundika kengele yake kwenye msumari kando ya tangi, akaanza kazi.

Tuseme ukweli, aliwachunga vizuri. Konokono wa aina ile akianguka chali hawezi kujigeuza. Warfa alikuwa akikunja shati, anazamisha mkono, anamwinua polepole.

"Adeer Warfa," Yurub wa mapokezi, binti mwenye ulimi wa kuchinja mbuzi, alikuwa akimwita hivyo, yaani ami kwa Kisomali, "huyo umeshamkamua leo?"

Wageni wakicheka mpaka chai inawapalia.

Hajji alipojiandaa kwenda Umra, alimwita Warfa. "Mchungaji wangu wa Balambala amezeeka, macho hayaoni. Nikirudi nikute mifugo hii ya kioo iko hai, wewe ndiye utakayeshika ngamia wangu. Nikikuta umeua, tusiulizane."

"Inshallah, Hajji," Warfa akajibu, sauti nyembamba kama ya bwana harusi.

Siku hiyohiyo dereva wa hoteli, Bishar, akaleta mfuko wa kamba wa baharini kutoka Mombasa. Wadogo, wekundu, wana mistari myeupe. Warfa alisogea mpaka pua ikagusa kioo.

"Subhanallah. Wana nundu!"

Kweli walikuwa nazo. Mgongo umepanda juu kabisa, utadhani ngamia waliotoka kunywa kisimani.

"Muuzaji amesema uwape chakula kidogo kila siku, usikose," Bishar akasema. "Wakishiba hawana neno na konokono."

"Mtu wa pwani anifundishe mimi mnyama mwenye nundu? Nundu ni ghala, kijana. Ukimlisha kila siku unamharibu, anakuwa mbuzi wa mjini."

Bishar, ambaye alimjua ngamia kwenye sahani tu, juu ya tambi, alipandisha mabega. "Sawa, adeer. Wewe ndiye profesa."

Mkebe wa chakula ukawekwa juu ya kabati, nao ukakaa huko kama Kurani ya mlevi. Kamba walizunguka tangi wakipekua kila jiwe. Warfa akawasifu mbele za watu: angalieni subira hiyo!

Halafu konokono mmoja akaanguka chali. Warfa alikuwa ameshakunja shati alipoona kamba amempanda, anadonoa kwa vikoleo vyake vidogo. Akashusha mkono. Alikuwa amewaona ndege wakifanya hivyo mgongoni mwa ngamia miaka yote.

"Anamtoa kupe," akasema.

"Adeer, mbona ni kama anamla?" Yurub akauliza, na kwa mara ya kwanza hakuwa akitania.

"Wewe umezaliwa kwenye lami. Nyamaza."

Baadaye konokono wote wakatulia. Warfa hakushtuka; hata konokono wa porini, kiangazi kikibana, hujifungia ndani akalala mpaka mvua. Kioo kikaota kijani. Sebule ikaanza kunuka. Wageni wakahamia meza za nje. Yeye bado alikuwa anangoja mvua, ndani ya maji.

Hajji akarudi na kanzu mpya, tende, na msururu wa watu wa kumpa mkono wa heri. Alisimama mlangoni akaziba pua. Yurub akatumbukiza mkono, akatoa konokono mmoja, akampuliza. Gamba likalia mluzi. Akatoa wa pili. Mluzi. Kamba walikuwa wamejipanga juu ya tumbawe, wanang'aa kwa afya.

"Ulikuwa unawalisha hawa?" Hajji akauliza.

Warfa akawaonyesha kamba kwa kidole. "Wana nundu, Hajji."

"Nini?"

"Wana nundu."

"Rudia. Wa nyuma hawakusikia."

Akarudia. Hajji alicheka mpaka akakaa chini na kanzu yake ya Makka, akafuta machozi kwa kilemba. Hakumfukuza. Kichekesho kama kile hukifukuzi, unakiweka. Konokono wapya wakaletwa, na kila mfanyabiashara aliyefika kutoka Rhamu au Liboi akapelekwa mbele ya tangi na kikombe chake cha chai, Warfa akatakiwa kusema maneno yale mawili.

Bishar ndiye aliyepewa ngamia wa Balambala.

Asubuhi ya kuondoka, Bishar alipita na viatu vipya vya raba. Hakumtazama Warfa usoni.

"Adeer, Hajji amesema uniachie ile kengele. Jike la mbele halina."



Warfa aliitoa msumarini, akaifuta vumbi kwa shati. "Kamba yake usiikaze," akasema. "Vidole viwili vipite shingoni. Na usimfunge akiwa amelala, atakuchukia." Akamwonyesha fundo, akarudia tena, kwa sababu Bishar hakulishika.

Gari lilipoondoka kengele ililia kitini, ikalia tena kwenye tuta la barabarani. Warfa akateremsha mkebe, akatupa chembe za chakula majini. Kamba wakaja mbio.

"Kuleni," akawaambia. "Kuleni, mbwa nyinyi."