Kiti Walichonipa Ghalani

Nitaanza na kitanda cha mama yangu. Habari za ghala huwa naanza kuzisimulia kutoka mbali namna hiyo, na wanangu wameshazoea, wanaendelea na kazi zao mpaka nifike.

Nilikuwa mdogo, meno ya utoto hayajang'oka. Mto ulijaa mchana, jua linawaka. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, sisi hata wingu hatukuliona. Maji yakaja na rangi ya chai ya maziwa, yakaingia kwenye kibanda cha mama kule kwenye mpunga, alikokuwa analala wakati wa kulinda ndege, yakanyanyua kitanda chake cha kamba taratibu kabisa, kama mtu anavyonyanyua ungo. Juu ya kitanda kulikuwa na kuku. Hakuruka. Alikaa tu, kitanda kikigeuka naye anageuka, ametulia kama mgeni aliyepewa lifti.

Sasa, mbele kidogo, pale maji yanapopita, babu mzaa baba alikuwa amekaa anachonga mpini wa jembe. Mgongo ameupa mto. Angegeuka tu, kitanda angekishika kwa mkono. Mama alikuwa amesimama kwa juu, kwenye tuta, anaona yote. Hakuita. Babu ni mkwe wake, na kwetu mwanamke hampigii mkwe kelele, tena yeye amesimama na mkwe amekaa. Alichofanya, alipiga magoti pale pale kwenye tope, akapiga makofi taratibu, ndivyo mkwe anavyoitwa. Mto unanguruma, nani atasikia makofi? Kitanda kikapita nyuma ya babu na kuku wake, kikakata kona, kikaenda.

Babu alipoambiwa hakukasirika. Alimsifu mama kwa habari hiyo miaka na miaka. Kwenye pombe atasema, kwenye kulima kwa zamu atasema, mtu akitaka kuoa ndiyo kabisa. Kitanda kitachongwa kingine, alikuwa anasema, lakini mwanamke mwenye adabu namna ile unamchonga kwa mti gani. Na kweli baba alichonga kingine. Kuku, walisema alionekana vijiji vya chini akiwa mzima. Hilo sina hakika nalo.

Mimi nilikua na sifa hizo masikioni. Shule nilifika darasa la tatu, nikapewa ng'ombe, na ng'ombe hawakunipa likizo. Nilipopata mtoto wa kike nikampa jina la mama yangu. Kwa hiyo namwita mayu, yaani mama, tangu anabebwa mgongoni. Alijua kupiga magoti kabla hajajua kukimbia vizuri. Wageni wakija wanasema huyu binti amelelewa, mimi najifanya nashughulika na kamba ya ndama, na kila neno nimelisikia.

Ndiyo nafika kwenye ghala.

Zamani pamba yetu yote ilikuwa inaingia kwenye ghala la chama cha ushirika. Ulikuwa unapanga foleni na gari la ng'ombe, unalala hapo, unajua habari za watu wote. Halafu likaja soko huria. Wanunuzi wakaja na malori yao na mizani yao, wakatandika maturubai barabarani, huyu anakuita huku, yule anakuita kule, msimu huu mtu anakupa kofia na kanga, msimu ujao humwoni. Mitumba ikajaa mnadani. Mzee mzima unavaa fulana yenye picha ya mwanamke anayecheka na humjui ni nani. Sisemi ilikuwa mbaya, ile fulana niliipenda. Lakini ghala lilibaki la popo.

Basi watu wa misheni wakaliomba lile ghala, wakalipaka chokaa, wakawafukuza popo, wengine walirudi, wakaweka meza na kompyuta chache zilizokuwa zimetumika nchi nyingine. Bariadi wakati huo bado tuko chini ya Shinyanga, hatujawa mkoa, na kompyuta wengi tulikuwa tunaisikia tu. Binti yangu yeye alikuwa anaijua. Alikaa Mwanza kwa mama yake mdogo, akasomea huko, akawa anaweza kuifungua ile mashine, kutoa matumbo yake yote mezani na kuyarudisha ikawaka. Alirudi nyumbani akakuta hakuna cha kufungua isipokuwa redio yangu. Akashika jembe. Hakulalamika, lakini baba unaona. Mtu anapalilia pamba huku vidole vinacheza vyenyewe kwenye mpini.

Ikatangazwa kwamba watakuja wageni kutoka Mwanza kuchagua kijana mmoja wa kushika chumba kile na kufundisha wenzake. Kila anayetaka atasimama mbele ya watu aeleze atakavyokiendesha. Kusimama, kusema, kukaa. Wasipomchagua binti yangu, ni jembe mpaka atakapopata mume, na baada ya hapo jembe la huko kwa mume. Alikuwepo pia kijana wa yule mwenye duka la vitambaa pale mjini. Kompyuta alikuwa anaigusa kama anagusa uji wa moto, ila sauti alikuwa nayo, ungedhani redio.

Kwa kuwa vijana wengi walikuwa waoga, wanafunzi wa sekondari na hawa wa kompyuta, misheni wakamleta mtu wa kuwafundisha kuongea mbele za watu. Kijana mwembamba, Mzaramo, kutoka Dar es Salaam, amevaa viatu vyeupe. Nani alimruhusu kuja na viatu vyeupe kwenye udongo wetu mweusi, tena masika, sijui. Siku ya pili vilikuwa kama kwato.

Alituomba wazazi na wazee tuje tukae kwenye mabenchi ili vijana wazoee macho ya watu. Tulikwenda. Kulikuwa na chai na michembe, vile viazi vya kukausha, na kazi yenyewe ni kukaa, nani atakataa. Jirani yangu, mtu wa midomo, alimwanza siku ile ile, maana Mzaramo ni mtani wetu Wasukuma.

"Mtani, umetoka huko kote kuja kutufundisha kuongea? Ninyi si mnaongea hata usingizini."

"Ndiyo, mtani. Na ninyi mkiamka mnakuta bei ya pamba tumeshaipanga sisi."

Tukacheka mpaka popo wakahama paa. Kuanzia hapo tukampenda.

Mafundisho yake yalikuwa mepesi kusikia. Simama wima. Watazame watu machoni. Sema wewe ni nani, sema umekuja na jambo gani, ukimaliza kaa. Kila mmoja alipewa dakika tano, na zikiisha yeye anagonga chupa ya soda kwa kijiko.

Zamu ya binti yangu ikafika. Akaja mbele, akapiga magoti, akasema mwadila, salamu yetu. Sisi wote tukaitikia mwadila. Akauliza mhola, yaani ni salama, tukasema mhola, na sisi tukamuuliza. Mama mmoja mzee akataka kujua yule mama mdogo wa Mwanza mguu umepona. Umepona. Na mvua huko? Ipo. Na jirani yangu akauliza yule ndama wangu mwenye baka ameacha kuharisha, kana kwamba mimi sikuwa nimekaa naye benchi moja. Binti akajibu yote vizuri, kwa upole, mmoja mmoja, hakumruka mtu. Chupa ikalia. Akashukuru, akaondoka.

Wazee tulifurahi sana. Tulisema huyu ndiye aliyeongea kuliko wote. Mwalimu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Hakumcheka, nampa heshima yake. Alimwambia salamu yako ni nzuri, mimi mwenyewe nimetamani kwetu, lakini wageni hawatauliza mguu wa mama mdogo. Sema habari zenu, kisha ingia kwenye jambo. Halafu akatugeukia sisi, akatuomba akisalimu tusiitikie. Tukajaribu. Binti akasema mwadila, ghala lote kimya. Ni kitu kibaya kukisikia. Yule mama mzee alivumilia, akavumilia, mwisho akafunika mdomo kwa kanga akasema ndani kwa ndani, "Mhola, mayu, tusamehe, tumekatazwa."

Siku zikaenda. Wengine wakafunguka. Kulikuwa na mwanafunzi mmoja mwenye kigugumizi, akawa anaongea anatembea huku na huku kama mhubiri. Mtoto wa mwenye duka ndiyo usiseme. Binti yangu aliacha kupiga magoti, alisimama, lakini akishasimama macho yanaanguka sakafuni na sauti inapungua, inapungua, kama taa inayoishiwa mafuta. Mwalimu alikuwa anakaa naye pembeni, anamwambia tena na tena. Nilimwona mara moja amekaa peke yake mlangoni, anakwangua tope kwenye kiatu kwa kijiti, anamtazama binti akienda zake, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeuguza.

Jioni moja nyumbani nilikuwa nimekaa kwenye kigoda napukuchua mahindi, yeye amechuchumaa anasonga ugali, mgongo upande wangu. Nikamwambia, hebu sema yale utakayosema, nisikie mimi peke yangu. Akaugeuza ugali mara moja. Halafu akaanza, mwiko mkononi, anaiambia sufuria.

Akasema jina lake na jina langu. Akasema atawafundisha kwanza wasichana, asubuhi, kwa sababu mchana wanatumwa maji. Akasema wakulima wataweza kujua bei ya pamba ya Mwanza kabla lori halijafika barabarani. Akasema mashine ikiharibika haitapelekwa mbali, ataitengeneza mwenyewe mbele yao waone. Mengi sikuyaelewa, lakini sauti ilikuwa imenyooka, haikutafuta neno hata moja. Mahindi yalikuwa yananiponyoka mikononi. Ugali ukaanza kuungua na hakuna aliyejali.

Alipomaliza nikamuuliza, sasa kule ghalani ni nini?

Hakugeuka. "Baba, kule wewe umekaa na mimi nimesimama."

Nikaokota mahindi yaliyoanguka. Ugali tuliula hivyo hivyo na ukoko wake.

Nisingeweza kutokwenda. Wageni walikuwa wameagiza wazazi wawepo, waseme kama wameridhia, na binti asiyekuwa na mtu wake pale wangeuliza ametoka wapi. Basi nikawaza usiku kucha, nikapata dawa: nitasimama. Nitakuwa nyuma kabisa ukutani, nimesimama, na yeye amesimama, tutakuwa sawa. Niliona nimekuwa na akili. Nikavaa koti, na ile fulana ndani.

Ghala lilijaa. Wageni wako mezani, mbele yao soda. Mimi nikajibanza ukutani kwenye kona ya zamani ya mizani. Waliniuliza mbele ya wote kama nimeridhia, nikasema nimeridhia, hapo nimefanya vizuri. Kijana wa mwenye duka akaongea, watu wakapiga makofi, hata mimi nilipiga, ungefanyaje, aliongea vizuri. Halafu binti yangu akaitwa.

Alikuja mbele akanitafuta kwa macho. Akaniona nimesimama. Nadhani alielewa, kwa sababu mabega yalishuka kidogo. Akavuta pumzi.

Hapo ndipo mgeni mmoja, mama mnene mwenye miwani, mwenye huruma sana, akanyoosha mkono. "Jamani, mzee huyu si ndiye baba mzazi? Anasimamaje? Mpeni mzee kiti."

Nikasema mimi niko sawa. Wakasema haiwezekani. Nikasema mgongo wangu unapenda kusimama. Jirani yangu, yule wa midomo, akasema asiwadanganye, juzi tu alikuwa analalamika magoti. Watu wakacheka. Kiti kikapita juu ya vichwa vya watu, kiti kizuri, chenye mto, kikawekwa mbele kabisa, na vijana wawili wakanishika mikono kwa heshima zote wakanipeleka, wakanikalisha.

Nikawa chini yake. Nilimwona kutoka chini, kama ninavyowaona siku zote watu wanaokuja kunisalimu. Akafungua mdomo. Akasema habari zenu. Akasema jina lake. Halafu macho yakanifikia, na nikayaona magoti yake, chini ya sketi, yanaanza kukunjika kwenda sakafuni.

Nikamtazama mwalimu. Kijiko kilikuwa mkononi, kimeelea juu ya chupa.

Nikainuka. Wale vijana wawili wakasogea tena kunishika, mama wa miwani akasema mzee, pumzika tu. Nikamwambia binti yangu, sauti ya kawaida, kama tuko nyumbani.

"Endelea, mayu. Mimi nawaangalia ng'ombe."

Ng'ombe wenyewe walikuwa kwa shemeji yangu kule Lagangabilili, kwenye malisho, na binti anajua, maana yeye ndiye aliyewapeleka. Nikachukua fimbo yangu. Nikapita katikati ya mabenchi, watu wananipisha, wengine wanadhani nimekasirika, wengine wanadhani ni mkojo. Nikatoka kwenye jua.

Nilikuwa nimefika pale lori lilipokuwa linapakiwa zamani, nikaisikia sauti yake inatoka kwenye mabati. Ile ile ya kwenye sufuria. Alikuwa amefika kwa wasichana wa asubuhi.

Baadaye alipopewa ufunguo wa ghala, na miaka yote aliyofundisha mle, nilikuwa nampelekea viazi mpaka mlangoni, natuma mtu amwite. Siku ile sikungoja waje kuniambia. Nilishika njia ya nyumbani, sikugeuka, na ndani ya lile ghala sijaingia tena.